Msiulize wamepata kiasi gani, ulizeni nani anaamua

Kila kijana wa mitaa ya London anapofikisha wimbo kileleni mwa chati za Uingereza, mashabiki wake wa mwanzo hugawanyika. Wako wanaoshangilia kwamba mwenzao ametoboa. Wako wanaonuna na kusema huyu si yule tena: amelainisha mdundo, amebandika kiitikio cha kuimbika, amewasahau waliomlea. Lawama hiyo imewapata karibu wote, kuanzia Dizzee Rascal na Wiley hadi Skepta na Stormzy, na hoja yake ni ileile tunayoijua sote: mwacha asili ni mtumwa.

Methali hiyo ni ya kweli, lakini inatumiwa vibaya. Utumwa wa mwanamuziki hauko kwenye kasi ya mdundo wala kwenye ukubwa wa umati unaomsikiliza. Uko kwenye mkataba. Ukitaka kujua kama msanii ameacha asili yake, acha kuhesabu fedha zake na utafute nani mwenye neno la mwisho juu ya kazi yake: nani anaamua wimbo utoke lini na usikike vipi, na nani anabaki na rekodi baada ya sherehe kwisha. Safari ya muziki wa grime kwa miaka zaidi ya 20 inatosha kuonyesha hivyo.

Grime ilizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 mashariki mwa London, hasa Bow na vitongoji vya jirani, kwenye maghorofa ya halmashauri yaliyojaa familia zenye asili ya Karibea na Afrika Magharibi pamoja na Wazungu wa kipato cha chini. Ni muziki wa kasi, mapigo 140 kwa dakika, wenye besi nzito na sauti kavu za kompyuta, na juu yake kijana anachana mistari kwa lafudhi ya mtaani kwake bila kuwaiga Wamarekani. Redio kubwa hazikuwa na nafasi nao. Basi vijana walipanda juu ya paa za maghorofa, wakafunga antena kwa siri na kurusha matangazo kupitia vituo visivyo na leseni kama Rinse FM na Deja Vu. Mitambo ikikamatwa leo, kesho walifunga mingine. Rinse ilianza mwaka 1994 na haikupata leseni hadi 2010. Kwa miaka 16, kituo kilichoulea muziki huu kiliishi kwa kuvunja sheria.

Huko ndiko alikotoka Dizzee Rascal. Baadhi ya midundo yake ya mwanzo aliitengeneza kwenye kompyuta ya darasa la muziki shuleni. Albamu yake ya kwanza, Boy in da Corner, ilitoka mwaka 2003 kupitia XL Recordings, na mwaka huohuo ikatwaa Tuzo ya Mercury, ile ya albamu bora ya mwaka, Dizzee akiwa na umri wa miaka 18. Ni albamu ngumu, ya kijana aliyezungukwa na hofu, na hakuna aliyemlazimisha ailainishe. Ingetarajiwa kwamba baada ya hapo milango ingefunguka kwa wenzake wote.

Milango ilizidi kufungwa. Tayari mwaka 2001 kundi la So Solid Crew la kusini mwa London lilikuwa limefika namba moja na wimbo 21 Seconds, kisha ziara yao ikafutwa baada ya tukio la risasi. Mwaka 2005 Polisi wa London wakaleta Fomu 696, ambayo mapromota na wenye kumbi walitakiwa kuijaza kabla ya onyesho. Ilitaka majina, anwani na simu za wasanii. Ilitaka kujua ni muziki wa aina gani utakaopigwa na, katika toleo lake la awali, watakaohudhuria ni watu wa asili gani. Maonyesho mengi ya grime yalikufa mezani kwa polisi kabla tiketi hazijauzwa. Fomu hiyo ilifutwa Novemba 2017, baada ya miaka 12.

Wanaolaumu wasanii wa wakati ule hulisahau jambo hili. Kijana aliambiwa awe halisi, na uhalisi wenyewe umepigwa marufuku kwenye kumbi za jiji lake. Redio haimpigi, ukumbi haumtaki, na mkono mtupu haulambwi. Alipoona kwamba muziki wa kucheza klabu, wenye kiitikio chepesi, unapita pale ambapo mistari yake migumu haipiti, akapita huko. Mwaka 2008 Wiley, ambaye wengi humwita baba wa grime, alifika namba mbili na Wearing My Rolex. Mwaka 2009 Tinchy Stryder na Chipmunk kila mmoja alipata wimbo wa namba moja. Mwaka 2010 ikawa zamu ya Tinie Tempah na Pass Out, na mwaka uliofuata akaondoka na tuzo mbili za muziki za Brit.

Itazame video ya Wearing My Rolex. Wanaoonekana ni wanawake waliovaa kama mbweha, wakicheza kwenye mitaa ya usiku. Wiley hayumo. Mtu aliyebuni sauti nzima ya mtaa wake alipata wimbo mkubwa kuliko zote alizowahi kutoa hadi wakati huo, na sura yake haipo kwenye picha. Kuna mashabiki walioiona video ile kama picha kamili ya kipindi chote: nyimbo zinapanda, waliozizaa wanafutika.

Hata hivyo, si kila wimbo wa klabu wa wakati ule ulikuwa usaliti, na Dizzee ndiye ushahidi. Dance wiv Me, aliyoifanya na Calvin Harris na Chrome mwaka 2008, ilikaa namba moja wiki nne. Ni wimbo wa kucheza, mwepesi, mbali kabisa na Boy in da Corner. Wakosoaji waliuona kuwa ndio mwisho wake. Lakini aliutoa chini ya lebo yake mwenyewe, Dirtee Stank. Hakuna bosi aliyemwita ofisini na kumwambia aimbe hivyo. Aliufanya kwa sababu aliutaka, akavuna yeye. Unaweza kuipenda zaidi albamu ya 2003, na mimi naipenda zaidi, lakini huwezi kusema ameuzwa mtu aliyejiamulia mwenyewe. Msanii ana haki ya kubadilika na hata kufurahi. Kumtaka kijana wa Bow abaki na uchungu wa miaka 18 maisha yake yote ili sisi turidhike kwamba ni halisi ni kumfunga kwa kamba nyingine.

Sasa mlinganishe na Raye, mwimbaji wa R&B na pop kutoka kusini mwa London. Alisaini na kampuni ya Polydor mwaka 2014 akiwa msichana mdogo. Aliandika nyimbo, akashirikishwa kwenye ngoma za klabu za watu wengine, akatoa nyimbo mojamoja, lakini albamu haikutoka. Mwaka 2021 alijitokeza hadharani kulalamika kwamba ana mkataba wa albamu tangu 2014 na hajaruhusiwa kutoa hata moja. Wiki chache baadaye aliachana na kampuni hiyo. Escapism, wimbo aliouachia akiwa huru, ulifika namba moja Januari 2023. Albamu yake ya kwanza, My 21st Century Blues, ikatoka mwezi uliofuata, na kwenye Tuzo za Brit za 2024 aliondoka na tuzo sita kwa usiku mmoja, rekodi ambayo hakuna aliyewahi kuifikia kabla yake.

Yaliyompata yanaeleweka ukijua mikataba ya aina hii inavyofanya kazi. Kampuni humpa kijana fedha za awali. Kijana huzipokea akidhani ameula, kumbe ni mkopo utakaokatwa kwenye mauzo yake. Sehemu ya gharama za studio na video nayo huingizwa kwenye hesabu hiyohiyo. Deni lisipokwisha, mirabaha haimfikii mkononi. Wakati huohuo rekodi yenyewe, ile wanayoiita masta, ni mali ya kampuni, na kampuni ndiyo inayoamua itoke au ilale kabatini. Hali hii imefika hadi bungeni: kamati ya Bunge la Uingereza ilichunguza uchumi wa muziki wa mtandaoni, na ripoti yake ya Julai 2021 ilitaka mfumo mzima upangwe upya. Chini ya mkataba wa namna hiyo, hata wimbo mgumu kuliko yote, uliojaa lugha ya mtaani, unaweza kuwa wa utumwa.

Skepta alilielewa hili baada ya kupotea njia. Yeye, mtoto wa wazazi wa Kinigeria aliyekulia Tottenham, naye alijaribu pop mwaka 2010 kwa wimbo Rescue Me. Haukumfikisha alikotaka. Mwaka 2014 alirudi na mdogo wake JME kwenye That's Not Me, mdundo wa grime mtupu, na ndani ya wimbo huo anatangaza kwamba nguo za majina makubwa alizokuwa akizivaa ameziweka kando kwa sababu hazikuwa yeye. Video waliitengeneza kwa pauni 80. Picha zake zimefanana na kanda chakavu za video za miaka ya mwanzo ya grime, ndugu wawili wakichana mistari mbele ya kamera bila gari la kukodi wala wacheza dansi. Video hiyo ya pauni 80 ilishinda tuzo ya muziki ya MOBO. Miaka miwili baadaye albamu yake, Konnichiwa, iliyotoka kupitia Boy Better Know, lebo ya yeye na nduguye, ilitwaa Tuzo ya Mercury ya 2016, mwaka ambao David Bowie naye alikuwa kwenye orodha.

Stormzy alipita njia hiyohiyo kwa kasi zaidi. Mtoto huyu wa mama wa Kighana kutoka kusini mwa London alisimama bustanini mwaka 2015, rafiki zake nyuma yake, akachana juu ya mdundo wa zaidi ya miaka kumi ambao kila shabiki wa grime aliujua. Wakauita Shut Up. Mashabiki waliusukuma hadi namba nane Desemba ya mwaka huohuo. Februari 2017 albamu yake Gang Signs & Prayer, iliyotoka kwa lebo yake ya Merky, ikawa albamu ya kwanza ya grime kufika namba moja Uingereza. Ndani yake mna mistari ya kugombana na mna nyimbo za injili. Kampuni inayoogopa kuchanganya soko isingekubali mchanganyiko huo. Yeye alikuwa na uwezo wa kuukubali mwenyewe.

Matunda ya uwezo huo yalionekana mbele ya dunia tarehe 28 Juni 2019, alipokuwa msanii Mweusi wa Uingereza wa kwanza, kwa wanaoimba peke yao, kufunga jukwaa kuu la tamasha la Glastonbury. Alivaa fulana ya kuzuia visu yenye bendera ya Uingereza bila rangi zake, kazi ya mchoraji Banksy. Kati ya nyimbo zake aliwaleta wachezaji wa kundi la Ballet Black, na maandishi kwenye skrini yakaeleza kwamba hapo zamani viatu vya ballet havikutengenezwa kwa rangi ya ngozi ya mchezaji Mweusi. Ikasikika sauti ya mbunge David Lammy akieleza jinsi mfumo wa haki unavyowaelemea Weusi. Ikaja kwaya ya injili. Kisha alisoma majina ya wasanii wenzake mmoja baada ya mwingine, wakubwa na chipukizi, ili umati ule usidhani kwamba yeye amechipuka peke yake. BBC ilirusha yote moja kwa moja. Hapo ndipo palipokuwa katikati kabisa ya soko, na mtaa wake ulikuwa umejaa jukwaani.

Rapa Dave kutoka Streatham, kusini mwa London, aliongeza ushahidi mwaka huohuo. Albamu yake Psychodrama ilifika namba moja ikiwa na Lesley, wimbo wa dakika 11 kuhusu mwanamke anayeteswa na mwenzi wake. Hakuna redio ya biashara inayoomba wimbo wa dakika 11. Albamu ilishinda Mercury na kisha Albamu ya Mwaka ya Brit. Mwaka 2023 Dave huyohuyo na Central Cee walitoa Sprinter, wimbo wa kujimwaga wa majira ya joto, ukakaa namba moja wiki kumi. Mwenye Lesley na mwenye Sprinter ni mtu mmoja, na hakuna sababu ya kumtaka achague.

Ipo hoja nzito dhidi yangu, na ni haki niijibu. Watasema uhuru ni wa wenye nacho. Kijana asiye na kitu atamiliki nini? Ni kweli kwamba uhuru una gharama. Little Simz wa Islington, ambaye ametoa kazi zake kwa kujitegemea kwa miaka mingi, alifuta ziara yake ya Marekani mwaka 2022 akieleza kwamba yeye ndiye anayelipia kila kitu na ziara hiyo ingemtia kwenye deni kubwa. Alikuwa miongoni mwa waandishi bora wa mistari nchini mwake, na hakuwa na fedha za kuvusha bendi bahari. Oktoba ya mwaka huohuo alitwaa Tuzo ya Mercury. Sidai kwamba kila msanii akatae kila kampuni. Hata Stormzy baadaye alitoa albamu kwa kushirikiana na kampuni kubwa, lakini alikwenda mezani akiwa na lebo na jina lake, na jina la Merky likabaki kwenye kazi. Tofauti ya kijana anayekwenda na uwezo wa kusema hapana na yule anayekwenda na njaa tu ni kubwa mno, na tofauti hiyo huishi ndani ya vipengele vya mkataba.

Kuna pia wanaodai uhalisi bila kuulipia. Wanamtaka msanii wa drill, rap ya mitaani yenye mistari ya vurugu, asimulie visu na maziko kila wimbo, kisha wanalala salama nyumbani kwao. Msanii ndiye anayelipa. Mwaka 2019 Skengdo na AM wa kusini mwa London walipewa kifungo cha nje kwa sababu waliimba wimbo wao kwenye onyesho, wakivunja amri ya mahakama. Msanii mwenzao Digga D alipewa amri iliyomtaka awaarifu polisi kila alipotoa wimbo mpya. Sitetei mistari ya kutukuza mauaji. Mama waliozika watoto wao London wana haki ya kuichukia. Lakini soko linalomlipa kijana kwa kubaki kwenye hatari na kumwita msaliti anapoondoka, linashirikiana na hatari hiyo.

Kumiliki pia kuna upande wake mgumu, nao ni kwamba humwondolea msanii kisingizio. Februari 2025 Stormzy alipotangaza mlo wenye jina lake na McDonald's, watu wengi waliokuwa wakisusia kampuni hiyo kwa ajili ya Palestina walikasirika, wakikumbusha msimamo aliowahi kuuonyesha. Alijibu kwamba msimamo wake haujabadilika na kwamba kampuni haikumwagiza afute chochote. Nampenda Stormzy, na ninaona waliomhoji walikuwa na haki. Mtu aliyesimama kwenye Tuzo za Brit za 2018 kumuuliza Waziri Mkuu ziko wapi fedha za waathirika wa moto wa ghorofa la Grenfell jijini London, uliowaua watu 72, amejipandisha mwenyewe kwenye kipimo cha juu. Hakuna lebo ya kulaumiwa. Ameamua yeye, basi ajibu yeye. Na mtu huyohuyo amelipia masomo ya wanafunzi Weusi Cambridge na kuahidi pauni milioni 10 kwa miaka kumi kwa shughuli za kuwainua Weusi wa Uingereza. Yote mawili yaandikwe kwenye hesabu yake, kwa kuwa yote ni maamuzi yake.

Basi tuwahukumu wasanii hawa kwa haki. Wimbo kupigwa kwenye harusi na maduka makubwa si kosa. Kushirikiana na mwimbaji wa pop si kosa. Kupata nyumba na bustani baada ya utoto wa kushinda kwenye ngazi za maghorofa si kosa hata kidogo. Kosa ni mfumo unaochukua sauti iliyojengwa na mtaa mzima, ukamwachia aliyeitoa deni na umaarufu.

Nawe msikilizaji una sehemu yako. Kwenye programu nyingi za muziki, chini kabisa ya ukurasa wa albamu, kuna mstari mdogo unaotaja mwenye haki ya rekodi. Usome kabla hujamwita mtu msaliti. Ukikuta jina la msanii au lebo yake, mhukumu kwa alichochagua. Ukikuta jina la kampuni peke yake, elekeza hasira yako huko. Na kama kweli unataka wabaki halisi, nunua tiketi, nunua albamu, nunua fulana inayouzwa na wao wenyewe. Msanii anayelipwa na wasikilizaji wake hahitaji kumwomba mtu ruhusa ya kuwa yeye.